Mzee Protais Aifungia Kongo

Mzee Protais alilinda lango la kiwanda cha saruji huko Bugarama kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka yote hiyo hakupita mtu asiye na karatasi. Aliwahi kumzuia mkurugenzi mwenyewe aliyesahau kitambulisho nyumbani. Mkurugenzi alifoka, akapiga honi, mwisho akageuza gari akarudi kukichukua. Kisa hicho mzee humsimulia hata anayekuja kusoma mita ya maji.

Alipostaafu akahamia Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, pamoja na mkewe Anonciata, na huko akawa mnyonge kwa kukosa lango. Mwanawe Bruno ndiye aliyemletea jingine, tena bila kujua. Aliwawekea intaneti ya nyumbani, pamoja na simu ya mezani iliyounganishwa na kisanduku chake chenye taa za kijani. Ilikuja kwa wakati, maana simu pekee ya mkononi waliyokuwa nayo ilikuwa imemponyoka Anonciata ikazama shambani kwenye mpunga.

Bahati mbaya, simu mpya ilipendwa na matapeli kuliko na ndugu. Mzee, umeshinda gari. Mzee, mwanao yuko hospitali, taja jina lako kamili tumtibu. Hii ya hospitali ilikuja mara tatu kwa wiki moja, na mara ya kwanza Anonciata alilia mpaka majirani wakajaa sebuleni. Protais akaapa. Bruno alikuwa amemwonyesha ukurasa wa kuzuia simu: unaandika tarakimu za mwanzo tu, na kila nambari inayoanza hivyo inagonga mwamba. Mzee akavaa miwani. Nambari za matapeli wote zilianza na 243, yaani Kongo. Basi akaifungia Kongo nzima, kuanzia daraja la mpakani la Rusizi ya Pili mpaka baharini.

"Na Uwingabire?" mkewe akauliza.

Uwingabire ni binti yao, ameolewa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, na kijana anayeitwa Mirindi, na wakati huo mimba yake ilikuwa imetimiza miezi tisa. Mirindi hana baba. Alikuwa amemwomba mkwewe ampe mtoto jina, kwa kinywa chake mwenyewe, mara tu atakapozaliwa. Mzee alikuwa na jina tayari tangu mwezi wa nne wa mimba ile, na hata Anonciata hakuambiwa.

"Uwingabire ana laini ya Rwanda," akajibu. "Nyumba yao iko ukingoni mwa ziwa, mtandao wa Rwanda unawafikia. Unadhani mimi mjinga?"

Kweli mtandao ulifika ukingoni. Ila haukufika hospitali ya uzazi, iliyo nyuma ya kilima, na hilo mlinzi wetu hakulipigia hesabu.

Jumatatu simu haikulia kutwa nzima, mzee akafurahi. Jumanne asubuhi ikalia. Nambari ilikuwa ya Rwanda, asiyoijua, na sauti ilikuwa ya mwanamume anayehema.

"Papa, tuko hôpitali, tunaomba jina..."

"Hospitali tena! Andika Mwizi! Yeye Mwizi, baba yake Mwizi, na babu yake Mwizi!"

Akakata, akaizuia nambari hiyo nayo, kisha akaketi kunywa chai kwa raha zote.

Jumatano mchana akapita Mwavita, jirani anayevusha nyanya kwenda Bukavu kila siku. Alisimama mlangoni bila kutua beseni.

"Mzee, bado uko hapa? Mutoto ana siku mbili! Mukwe wako analia, anasema ulimutukana mu simu. Eti mutoto aitwe Mwizi!"

Anonciata alimtazama mumewe. Mguu wa Anonciata mwenyewe ulikuwa umevimba, asingeweza kuteremka mpaka darajani.

"Enda wewe," akamwambia mumewe. "Ukishamuona mutoto, unipigie. Niko hapa kwa simu, sitoki."

Protais akavuka daraja kwa miguu, kitambulisho mkononi. Afisa wa mpakani alimuuliza anakwenda kufanya nini. Kuomba radhi, akasema, na afisa akamruhusu kupita.

Mirindi alikuwa kwenye mlango wa wodi, amekunja mikono kifuani.

"Papa, ni miye nilikupigia. Nilishuka mpaka ku ziwa, nikaazima simu ya muntu, juu simu ya Uwingabire batri ilikwisha."

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani ni wezi."

Uwingabire alikuwa kitandani na mtoto wa kike, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Bamama bote hapa mu wodi banataka kumupa jina," alisema. "Nilikataa. Nikabaambia papa yangu atakuja. Sema, papa."

Mzee akainama. Jina alikuwa amelitunza miezi mitano. Aliona aibu kulia mbele ya wauguzi, akalia hivyo hivyo.

"Umutoni," akasema. Yaani kipenzi. Akalirudia karibu na sikio la mtoto, taratibu, na Mirindi akakunjua mikono.

Hapo akakumbuka ahadi ya mkewe. Akaomba simu ya Mirindi, akapiga nyumbani, huku akimwona Anonciata moyoni alivyokaa kando ya kile kisanduku. Ikajibu sauti ya mwanamke, laini kabisa: "Nambari hii haipokei simu kutoka kwako." Akapiga tena. Mwanamke yule yule, kwa adabu ile ile.

"Ndiyo vile nilikuwa nasikia," Uwingabire alisema kutoka kitandani. "Uchungu ukinishika, napiga kwa hiyo hiyo ya Mirindi, ya Kongo. Huyo mwanamke ananiambia vile. Mara kumi na moja, papa."

Mzee akapiga mara ya tatu, akaibana simu sikioni, na akamsikiliza yule mwanamke mpaka akamaliza.