Kabati Lililommeza Bibi

Juzi nilipita kwa fundi seremala mmoja huko Isongole, na harufu ya vanishi ikanirudisha nyumbani kwetu Tukuyu, alasiri ile baba alipomaliza kujenga kabati la ukutani, refu mpaka darini. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Baba alijipangusa vumbi la mbao, akamwambia mama kwa majivuno, "Hili litameza kila kitu humu ndani."

Nami, mtoto mdogo, nikaamini. Nilikaa mlangoni nikilichungulia kwa mbali. Punde nikamwona bibi, mama yake baba, akiingia mzimamzima, mlango ukajifunga nyuma yake. Nikasubiri. Kimya.

"Limemmeza Bibi!" nilipiga yowe, mpaka majirani wakaja mbio kwenye matope, mmoja na jembe mkononi.

Baba akauvuta mlango. Bibi alikuwa amesimama gizani, amevaa koti jipya la mama la kanisani, vifungo vyote amefunga. Leo najua alikuwa akilijaribu kwa siri. Alitutazama sote, kisha akamgeukia mama.

"Mwanangu," alisema taratibu, "baridi ya huku si unaijua?"

Jumapili iliyofuata mama alikwenda kanisani na sweta.