Bakuli la Kunawia

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili nilipojua kwamba duniani kuna michezo ya kuigiza iliyoandikwa zamani sana, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na kwamba watu bado wanaisoma. Nalisema hili kwa hasira. Nilikuwa mwalimu. Nilipita chuo cha ualimu nikafundishwa useremala, kilimo cha bustani, hesabu za madebe ya maji, na kitabu kizima cha afya chenye picha ya nzi mkubwa kama kuku. Hakuna aliyenitajia kwamba kuna kitu kama hiki. Kwa waliotufundisha, sisi tulikuwa watu wa nzi na vyoo, basi.

Kitabu cha michezo hiyo nilikipata kwa mwalimu mwenzangu, Mlutheri wa milimani Usambara, aliyeachiwa kitabu hicho na mchungaji wao alipokuwa akirudi Ulaya. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada limeliwa na mchwa. Mwenzangu alisema kimemshinda, maana watu wa humo husimama tu wakalia. Nilikisoma kwa kamusi kila alasiri wanafunzi walipoondoka, ukurasa mmoja, pengine nusu. Kijiji chetu kiko kusini ya Tanga, ukishapita Tongoni, na saa hizo shuleni huwa hapana mtu ila mbuzi.

Kilichonishika humo ni kundi la watu wa pembeni. Karibu kila mchezo ulikuwa nalo. Ni wazee wa mji, au wanawake, wamesimama upande mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Bwana mkubwa anapotea njia mbele ya macho yao, nao wanaona kila hatua. Wanasikitika, wanaimba, wanaomba dua, wala hawanyanyui mkono. Mara mbili nilikitupa kitabu sakafuni. Nilitamani kuingia mle ndani niwazabe makofi mmoja mmoja. Kisha nilikiokota nikaendelea kusoma.

Nyumbani tulikuwa wanne: baba yangu, mimi, mke wangu, na binti yetu wa miaka minne. Tulikuwa na mtoto wa kiume pia, mdogo wake huyu binti, tukamzika hajatimiza miaka miwili. Aliharisha siku tano, akakauka. Sasa binti naye alikuwa ameanza mwendo uleule. Alikuwa akiharisha wiki hii, akipona wiki ijayo, akirudia tena. Macho yalikuwa yamemwingia ndani, mbavu unazihesabu. Watu walikuja kutoa pole, wakasema ni jicho baya, wengine wakasema ni meno, wengine mapenzi ya Mungu. Mimi, mwalimu wa afya, nilisema ni uchafu wa majirani.

Kwa sababu nilikuwa nikifundisha, tena kwa ukali. Kila asubuhi niliwapanga wanafunzi mstari, nikawatazama kucha, meno, masikio. Asiyenawa nilimchapa. Nilikuwa na wimbo wa kunawa, nilioutunga mwenyewe, na watoto waliuimba mpaka kisimani. Wakati mwingine nikipita uani kwa watu saa ya chakula, nawaona wananawa kweli, nami naondoka nimeridhika. Kumbe nyani haoni kundule.

Ikakaribia siku ya wazazi. Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja kutoka mjini, na akaagiza kwamba shule ionyeshe jambo la afya. Mwaka uliotangulia watoto walisimama wakasoma kanuni kumi za usafi kama watu wanaosomewa hukumu. Nikasema mwaka huu tutacheza mchezo, na utakuwa na kundi la watu wa pembeni kama kwenye kitabu. Nilichagua wanane wakubwa wakae upande. Wengine sita nikawaambia waketi mkekani wanionyeshe watu wanavyonawa kabla ya kula. Sikuwafundisha lolote. Niliwapa bakuli la bati lenye maji na sinia tupu.

Wakaketi. Hakuna aliyewapanga, lakini walijipanga. Aliyejifanya mzee alichukua bakuli akanawa, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, kila mmoja akitumbukiza mikono mlemle. Walikuwa wametoka kupalilia bustani ya shule. Bakuli likashuka kwa umri mpaka likamfikia mdogo wao kuliko wote, naye akatia vidole vyake kwenye maji ya rangi ya udongo, akavitoa, akasema, "Nimenawa, Mwalimu."

Nilibaki nimesimama na kiboko changu mkononi. Ndivyo tulivyokuwa tukinawa nyumbani kwangu kila siku ya Mungu. Baba ananawa kwanza, na wazee wenzake wakiwapo wananawa baada yake, kisha mimi. Halafu bakuli linaingia ndani kwa wanawake, ananawa mke wangu na wageni wake, na mwisho kabisa ananawa binti. Wenye birika na mtu wa kumimina walikuwa matajiri. Sisi kisima kilikuwa mbali, maji yenyewe ya chumvichumvi, na mwanamke aliyeyabeba kichwani huwezi kumwambia amwage kila mtu anapochovya. Tena ilisemwa kwetu kwamba mtoto akinawa maji aliyonawia mzee anapata baraka. Wanangu wawili walikuwa wamekula baraka hizo kwa ugali wa bada na kisamvu, mmoja alikuwa amekwisha kufa, na wimbo wa kunawa walikuwa wakiusikia wote wawili.

Hasira iliyonipata siwezi kuipima. Nilimkasirikia kila aliyewahi kunifundisha afya, kwa kuwa kitabu chao kilisema mtoto anawe mikono, hakikusema anawe wa ngapi. Nilimkasirikia baba. Baba alikuwa mtu wa msikitini, fikihi anaijua. Alijua kwamba maji yaliyokwisha kutiliwa udhu hayatiliwi udhu tena, na asingekubali hata siku moja kutawadha kwa maji aliyonawia mwenzake. Kwa Mungu yalitoka maji safi kwa kata ya kifuu, ya kumimina. Kwa mtoto yalitoka makapi. Husemwa mkubwa ni jalala, lakini kwetu jalala lilikuwa mtoto.

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Ningeweza kwenda nyumbani jioni ile, nikaketi karibu na baba, nikamwambia polepole. Sikwenda. Nilikuwa na mchezo.

Siku ya wazazi baba aliwekewa kiti cha mbele, kwa kuwa ni mzee wa kijiji na baba wa Mwalimu. Mkaguzi aliketi pembeni yake. Watoto waliocheza nilikuwa nimewapaka masizi viganjani ili maji yabadilike rangi upesi, watu waone hata walio nyuma. Bakuli likaanza safari. Wale wanane wa pembeni walikuwa wamejifunga kaniki, na kila bakuli lilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine walisema kwa pamoja, "Tunaona. Maji yanakuwa meusi." Kisha, "Tunaona, hatusemi. Adabu imetufunga midomo."

Mvulana aliyecheza mzee nilikuwa nimemwambia anawe tu. Lakini alikohoa kwanza, mara mbili, kikohozi kifupi cha kusafisha koo. Akakung'uta vidole mara tatu. Akapangusa mikono kwenye ncha ya kikoi, upande wa kushoto. Huyo alikuwa baba yangu, na kijiji kizima kilimjua. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Ningeweza kumzuia yule mtoto kwenye mazoezi, maana alifanya vilevile mara tatu mbele yangu, nikamwacha kwa kuwa alikuwa anapendeza.

Bakuli lilipomfikia mdogo, kicheko kilikwisha chenyewe. Maji yalikuwa meusi ti. Akanawa, akala ugali wa kujifanya, na wanane wakasema, "Tuliona." Mchezo ukaishia hapo. Wanawake kadhaa waliinamisha vichwa. Mkaguzi alipiga makofi, akanijia akitabasamu, akasema ni vizuri sana kwamba watu wangu sasa wameona jinsi walivyo wachafu. Nikamwambia wanachohitaji ni kisima cha karibu. Akasema serikali itapendelea waanze na sabuni. Nilipogeuka, kiti cha baba kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nyumbani ameketi kwenye baraza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akasogeza kikoi magotini. "Leo umenitia mchezoni."

"Sikukutia weye, baba. Nimetia bakuli."

"Bakuli halikohoi," akasema.

Ningeomba radhi pale pale, yangekwisha. Badala yake jioni hiyo, chakula kilipoletwa, nilichota maji kwa kata nikamwita binti yangu kutoka ndani, nikammiminia mikononi kwanza, mbele ya baba na wazee wenzake wawili. Nilihakikisha wameona. Baba alisimama. Akachukua mkeka wake na msahafu, akahamia banda la kukaushia nazi za mbata nyuma ya nyumba. Toka siku hiyo hakula nasi.

Nikasema kimoyomoyo, na aende. Miezi ile nilikuwa mtu wa kujibizana na kila kitu. Kila nyumba niliyoingia niliuliza nani ananawa kwanza. Vijana wakanipa jina la Bwana Bakuli, mbele yangu wakinyamaza. Nyumba nyingine zilinisikiliza, akina mama hasa, wakaanza kumimina kwa kata, maji kidogo kidogo, na hayakuhitajika mengi kuliko yale ya bakuli. Hilo nalo liliniudhi. Kumbe tungeweza tangu zamani.

Binti alipona. Nalisema wazi ili asije mtu akadhani nilikosea. Kuhara kulipungua, kisha kukakoma, mashavu yakajaa. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea babu yake chakula bandani, mchana na jioni, na mara nyingi alikula hukohuko. Mke wangu aliniambia niende nikamrudishe mzee. Nilimwambia, "Nimwombe radhi kwa kumponya mjukuu wake?" Mke wangu akanitazama, akarudi jikoni. Kila asubuhi nilimwamkia baba shikamoo, naye akajibu marahaba, na baada ya hapo hatukuwa na neno. Miaka mitatu ilipita namna hiyo.

Mwaka wa tatu binti aliingia darasa la kwanza, na darasa la kwanza lilikuwa langu. Siku ya somo la afya niliuliza kama nilivyozoea, nyumbani kwenu nani ananawa kwanza. Wakajibu, huyu baba, huyu bibi, huyu sote pamoja. Binti yangu alinyoosha mkono.

"Mimi," akasema. "Babu huninawisha mimi kwanza kwa kata. Nikimaliza ndiyo ananawa yeye."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu alipohamia bandani."

Darasa lilinitazama. Nikawaambia wachore kata kwenye vibao vyao, nikatoka nje nikasimama nyuma ya ukuta mpaka kengele. Miaka mitatu! Miaka mitatu alikuwa ameikubali hoja yangu, anaitenda mara mbili kwa siku, akaniacha nitembee kijijini kama mtu mwenye vita.

Mchana ule sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja bandani. Baba alikuwa ameketi mlangoni, amekonda kuliko nilivyokuwa nimemwona, au nilikuwa sijamtazama.

"Baba, kumbe unamnawisha mtoto kwanza."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Siku ile ya mchezo maji niliyaona. Nilikuwa nimeketi mbele, mwanangu, miye si kipofu. Nilijua nani nimemzika." Akaonyesha upande wa nyumba kwa kidevu. "Niliondoka nikaja kukungoja barazani uniambie miye yale uliyowaambia watu."

"Ningekwambia mapema ungekubali?"

"Hukuniuliza."

Nilimwona anavyonitazama, bila ukali wowote, na hilo ndilo sikuweza kulivumilia. Binti akaja na sinia, bada na samaki wa nazi, akalitua mkekani, akaenda kuchukua kata. Baba akamwambia, "Mnawishe na babako."

Ilikuwa karibu saa nane. Nilikuwa nimetoka nyumbani alfajiri kwa kikombe cha chai ya rangi, na harufu ya ule mchuzi ilinifika tumboni. Mtoto alisimama mbele yangu na kata imejaa, akingoja nikinge mikono.

Nikasema nimeshakula. Nikawaaga, nikarudi shuleni. Baba alifariki masika yaliyofuata, na baina ya siku ile na siku ya kufa kwake hakunikaribisha tena kula naye.