Kiwanja Nyuma ya Apatimenti

Nazaire alizaliwa Makamba, kusini mwa Burundi, akazeekea katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na alipofikishwa Houston, Marekani, mgongo wake ulikuwa umeshachoka. Alifua mashuka hotelini hadi akashindwa hata kuinama. Mkewe, Capitoline, akaendelea kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Nazaire akabaki nyumbani na televisheni asiyoielewa.

Kilichomtoa ndani ni kiwanja kitupu nyuma ya apatimenti yao, mtaa wa Sharpstown. Mwenye kiwanja alimruhusu alime. Nazaire akapanda lengalenga, yaani mchicha, maharage, na mihogo iliyogoma kunenepa. Warundi na Wakongo wa jirani nao wakaja, kila mmoja na tuta lake. Jumapili baada ya misa, hapo ndipo walipopatanishia waliogombana, wakachangia misiba, wakaulizana habari za kazi.

Mwaka 2019 kiwanja kikauzwa. Lingejengwa ghala la kukodishia watu kuweka vyombo.

"Mzee, twende City Hall," alisema Wacuka, muuguzi Mkenya aliyekaa ghorofa ya juu. "Mwananchi yeyote anaruhusiwa kuongea. Mimi nita-translate."

Nazaire alivaa koti alilovaa kwenye harusi ya binti yake Belyse. Mbele ya madiwani aliongea Kiswahili, Wacuka akitafsiri. "Hapo ndipo tunapojuana," alisema. "Mkipachukua, kila mtu atajifungia kwake."

Diwani mmoja, mama wa makamo, alimsikiliza bila kugusa simu. Kisha akaeleza kwamba Houston haimpangii mtu ardhi yake aitumie vipi. Aliyenunua hujenga atakacho.

"Amesemaje?" Nazaire aliuliza.

Wacuka alifupisha. "Amesema pole."

Tingatinga lilikuja maharage yakiwa na maua. Nazaire alilitazama akiwa nje ya uzio mpaka Capitoline akaja kumshika mkono.

Majirani wakatawanyika. Omer, Mkongo aliyelima tuta la pembeni yake, akahamia mji wa mbali, Euless, kufanya kazi uwanja wa ndege. Nazaire akarudi kwenye kiti chake. Siku nyingine hakuvaa hata viatu.

Korona ilipoingia, Capitoline aliipata kazini akaja nayo nyumbani. Yeye akapona. Nazaire alifia hospitalini Julai, na mkewe aliruhusiwa kumuaga kwa simu tu. Alimsemesha Kirundi mpaka nesi akamwambia inatosha.

Mazikoni walikuwepo Belyse, mumewe, Wacuka na padri. Wengine hawakujua. Omer alipiga simu wiki kadhaa baadaye, akilia.

"Mama Belyse, juu ya nini hamukutujulisha?"

Capitoline alikata simu, akafunga vifungo vya sare, akaenda zamu.