Mgonjwa wa Alhamisi

Dada yangu aliugua kila Alhamisi kwa miaka mingi kabla hajaugua kweli.

Alikuwa dobi. Siku nyingine zote alifua nguo za watu uani kwetu, akazianika kwenye kamba zilizokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na jioni alipiga pasi akiwa amesimama mpaka miguu inamvimba. Alhamisi baada ya chakula cha mchana alivaa gauni safi, akavuka barabara, akaingia chuoni, akapanda kitandani na kuwa mgonjwa.

Chuo hicho kinafundisha kazi za mikono: umeme, ushonaji, upishi, na kuhudumia wagonjwa na wazee. Hakichukui waliofaulu sana. Kinachukua watoto wa mitaa yetu, wale waliokwama mahali fulani njiani. Kilipofunguliwa, mkuu wa kwanza alituita majirani ukumbini, akatusomea malengo ya muda mrefu. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, ndipo ninapokaa siku zote. Alisema chuo hakitajisifu kwa vyeti. Alisema lengo ni kwamba kila mwanafunzi atoke na kazi mikononi, na kwamba utafika wakati ambapo hakuna mgonjwa wa mtaa huu atakayelala bila kuogeshwa, kwa kuwa wanafunzi watapita nyumba kwa nyumba, na wakimaliza watabaki hapa hapa. Maneno hayo yakaandikwa kwa rangi ya buluu kwenye ukuta wa langoni. Watu walipiga makofi. Dada yangu alipiga makofi mpaka mimi nikaona haya.

Kisha mkuu akasema wanafunzi wanahitaji watu wa kujifunzia. Mtu alale, ageuzwe, aoshwe, alishwe, kama mgonjwa. Ukumbi ukapoa. Wanawake wakatazamana, baadaye walisema kwamba kulala kitandani mchana ukiwa mzima ni kujiitia maradhi. Dada yangu akanyoosha mkono.

"Mimi nashinda nimesimama juma zima," akasema. "Mkinipa kitanda sitauliza maswali."

Ndivyo alivyopata jina. Mtaani wakamwita Mgonjwa, watoto kwa wakubwa. Mtu akimsalimu, "Mgonjwa, hujambo?" yeye hujibu, "Nimepona, mpaka Alhamisi."

Mimi ni fundi wa makochi. Godoro la kile kitanda cha mazoezi nililivika mimi, kwa ngozi ya plastiki, nikarudia mshono ili maji yasipenye. Kwa hiyo nilikiona chumba: kabati la mabeseni na taulo, pazia la kijani kwenye reli, dirisha linalotazama barabara. Nilimwona pia dada akiwa kazini. Alikuwa amelala macho kayafumba, mkono mmoja ameulegeza, maana siku hiyo aliambiwa awe amepooza. Mwanafunzi akamkamata bega kumgeuza. Dada akafumbua jicho moja.

"Umefeli."

"Nimefanya nini, mama?"

"Hujaniambia. Mimi mgonjwa, nitajuaje unataka nini na bega langu? Niambie kwanza, halafu niguse."

Mwalimu wao, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alicheka mpaka akajishika kiuno. Lakini tangu siku ile ikawa ndiyo sheria ya chumba. Mama, sasa nakugeuza ubavu wa kushoto. Mama, sasa nakuosha shingo. Waliomaliza walikuja kumuaga uani, wakamkuta na mapovu hadi kwenye viwiko, akawaambia wasimkumbatie watalowa. Na kweli nyumba kadhaa za mtaa zilipata watu wa kuwaogesha wazee wao, hilo siwezi kulikana. Kwa muda fulani ile rangi ya buluu ilisema kweli.

Halafu mkuu yule akastaafu, akaja mwingine, mtu wa haraka. Naye akatuita ukumbini. Sasa malengo yalikuwa mapya. Alisema ughaibuni kuna nyumba zimejaa wazee wasio na wa kuwahudumia, na mishahara ya huko ukiisikia utatafuta mahali pa kukaa. Chuo kitaandaa vijana kwa ajili ya nyumba hizo. Vijana watatuma fedha nyumbani, na fedha zitainua jamii. Hilo neno jamii alilitaja kila alipovuta pumzi. Wazazi walipiga makofi kuliko hata mara ya kwanza, nami siwalaumu, ningekuwa na mtoto ningepiga. Ukuta wa langoni ukapakwa chokaa, yakaandikwa maneno mekundu, na pembeni ikachorwa ndege. Mvua ikinyesha, buluu ya zamani huchungulia kidogo chini ya chokaa, kisha jua likitoka hupotea.

Pamoja na mkuu mpya likaja sanamu la plastiki linalopumua kwa umeme. Dada akaambiwa ahsante.

"Nimefukuzwa kazi ya kulala," alinihadithia akicheka. "Sanamu halina mdomo, hilo ndilo wamelipendea."

Alhamisi iliyofuata nilimkuta amevaa gauni lake safi, amekaa ukingoni mwa kitanda chake mwenyewe, hajui aende wapi.

Kiharusi kilimkuta anapiga pasi. Niliisikia harufu ya shati linaloungua nikiwa karakanani kwangu, upande wa pili wa ua, na nilipofika nilimkuta chini. Upande wa kulia ulikufa wote. Mdomo ukaenda upande, maneno yakawa yanatoka moja moja, mazito. Akili haikuguswa, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana aliona kila kitu.

Tunaishi wawili. Mume wake alifariki zamani na hawakupata mtoto. Mke wangu aliondoka, na huyo simzungumzii hapa.

Mwanzoni wanawake wa jirani walikuja kumwogesha kwa zamu. Kisha zamu zikaanza kurukwa, kila mmoja na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kweli. Siku ya kwanza ambayo hakuja mtu, nilichemsha maji, nikachukua taulo, nikasimama mlangoni pa chumba chake. Akanitazama.

"Wewe? Hapana."

"Dada, hakuna mwingine."

"Bora ninuke."

Hakuwa anatania. Mama yetu alipofariki ni yeye aliyenilea. Mimi ndiye niliyekuwa wa kuogeshwa, na hakutaka mambo yageuke hivyo. Nami moyoni nilishukuru aliponikataa, kwa kuwa sikujua ningetazama wapi. Nikawa namwekea beseni karibu, natoka nje. Alijiosha kwa mkono wake mzima pale mkono ulipofika. Pale usipofika, mgongoni, pakaanza kidonda.

Nikaamua kwenda chuoni kuomba kile tulichoahidiwa ukumbini. Mwanafunzi mmoja tu, wa kike, amwogeshe dada yangu. Sikuwa na ombi jingine.

Mimi si mtu wa maofisini. Mlinzi akiniuliza shida yangu, ulimi unakuwa mzito, naishia kusema napita tu. Nilipita tu mara kadhaa. Mwishowe nikakumbuka kiti cha ofisi yao kilichochanika, ambacho nilikuwa nimemaliza kukivika. Badala ya kungoja waje kukichukua nikakibeba mwenyewe, kwa kuwa mtu mwenye kiti kichwani haulizwi swali. Nikapita nacho langoni, chini ya ile ndege, mpaka kwa yule mwalimu mpole.

Nilimweleza bila kumtazama usoni. Alisikiliza hadi mwisho. Alipojua kwamba ni Mgonjwa wetu ndiye aliyelala, aliinuka akafunga mlango.

"Kaka yangu, yale malengo aliondoka nayo mkuu wa zamani," akasema. "Siku hizi sina ruhusa ya kumtoa mwanafunzi nje ya lango. Asubuhi wako na sanamu, mchana wako na lugha ya huko waendako. Kutembelea nyumba kumefutwa."

Nikasema ahsante, nikainuka. Akaniambia nisikate tamaa, atafikiria.

Na alifikiria kweli. Baada ya wiki chache alikuja nyumbani mwenyewe, uso umechangamka. Amepata njia. Wenye zile nyumba za ughaibuni wanamleta mtahini wao, na mtahini hataki sanamu. Anataka aone mgonjwa wa kweli akiogeshwa nyumbani kwake. Mwalimu amemtaja dada. Dada aliposikia alicheka kwa ule upande mzima wa mdomo.

"Alhamisi?" akauliza.

Mwalimu akasema ndiyo, itakuwa Alhamisi. Sijui kama ilikuwa imepangwa hivyo, au alikwenda kuipanga baadaye kwa ajili yake.

"Na Ijumaa?" nikauliza mimi.

Mwalimu akaitazama mikono yake. "Kaka, nimepata hiyo moja."

Siku ilipofika dada alitaka gauni lake safi nilitundike mahali anapoliona. Wakaja na kila kitu: shuka nyeupe, taulo, beseni linalong'aa, pazia la kukunja, hata kamera. Mwanafunzi alikuwa binti wa muuza sabuni wa nyuma yetu. Dada alinunua sabuni kwao tangu binti huyo akiwa anabebwa mgongoni, na alipomwona anaingia, bega lake lililokuwa limekaza likashuka. Mtahini alikuwa mgeni mrefu, mtu wa adabu, akasimama miguuni pa kitanda. Mimi nilitolewa, nikakaa sebuleni. Kati yetu palikuwa na pazia la mlango tu, hivyo nilisikia yote.

Binti akazungumza. Sauti yake ilikuwa laini, haina haraka, na sikuelewa hata neno. Ilikuwa lugha ya huko waendako. Kitanda kikalia.

"Niambie," dada akasema.

Binti akarudia maneno yale yale, polepole zaidi, kwa lugha ile ile.

"Mwanangu. Niambie."

Mtahini akauliza kitu, mwalimu akamjibu, wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye heshima. Kisha nikasikia maji. Kitambaa kikachovywa, kikakamuliwa, na ile sauti laini ikaendelea kumweleza dada yangu kila hatua kabla haijafika, kama yeye mwenyewe alivyowafundisha waliotangulia, bila kuruka hata moja, kwa maneno asiyoyajua. Dada hakusema tena.

Waliponiita alikuwa msafi kabisa. Kidonda kimefungwa, nywele zimechanwa, gauni limevalishwa bila mkunjo. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Machozi yalikuwa yamemtiririka kutoka jichoni hadi sikioni, na mkono wake mzima ulikuwa umebanwa chini ya shuka iliyokazwa, hakuweza kuyafuta. Nikayafuta mimi kwa mkono wa shati. Wao wakamtandikia shuka zetu, wakakunja zao nyeupe, wakaondoka nazo.

Binti alibaki nyuma uani kumwaga maji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia, mjomba."

Aliinamisha beseni mpaka tone la mwisho.

"Ningesema kwa lugha yetu ningefeli," akasema. "Wanasikiliza mdomo kwanza, mikono baadaye." Akatazama dirisha la dada. "Mwombe mama anisamehe."

Nikamjibu aingie amwombe mwenyewe. Wenzake walikuwa wanamwita kwenye gari. Akaenda.

Alifaulu. Baada ya miezi michache akapanda ndege, na mama yake akatuletea mche mzima wa sabuni, bure. Alituambia kwa furaha kwamba huko binti anamwogesha bibi mmoja kila asubuhi, na bibi huyo anampenda sana. Nilipokea sabuni, nikashukuru. Chuo nacho kimebandika langoni picha kubwa ya siku ile: mikono ya binti, taulo, na kipande cha bega la dada yangu. Chini yake wameandika kuhusu jamii.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa hakuja mtu. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikasimama na beseni mlangoni. Dada alikuwa ametazama ukuta.

"Dada, ni mimi," nikasema. "Nina maji ya vuguvugu na kitambaa. Ukikubali nitaanza na mkono wa kulia, ule usiosikia. Halafu mgongo. Kila mahali nitakuambia kabla sijafika."

Mikono ikaanza kuniuma kwa uzito wa beseni.

"Fumba macho," akasema.

Nikafumba. Nikaenda kwa kupapasa, kama ninavyotafuta mchaniko chini ya kitambaa cha kochi. Nikasema mkono, nikaosha mkono. Nikasema bega, nikaosha bega. Nikasema sasa nakugeuza kuelekea ukutani, nikamgeuza, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Sikujua kama ni baridi au ni kilio, na sikufumbua macho kuangalia. Kitambaa kikagusa ukingo wa kidonda.

"Umefeli," akasema kwa ule mdomo wake wa upande. "Hapo hukuniambia."

Nikautoa mkono. Nikakichovya kitambaa upya, nikakikamua, nikamwambia.