Pendo hatazaa

Leo daktari wa mifugo amenimaliza nguvu.

Nilimwita hapa Buswelu amwangalie Pendo, mbuzi wangu wa maziwa. Kila akipandwa, hashiki mimba.

Akampapasa, akaniuliza, "Mama, wazazi wake walikuwa na pembe?"

Nikasema hawakuwa nazo. Beberu nilimtafuta makusudi mpaka Sengerema, asiye na pembe kama jike langu, mama yake Pendo, nikiogopa watoto wangu kuumizwa.

"Ndiyo shida. Wote wakikosa pembe, anaweza kuzaliwa mtoto anayeonekana jike, kumbe ndani si jike kamili. Huyu hatazaa."

"Hakuna dawa?"

"Hakuna, mama."

Mama yake Pendo alishakufa. Nimebaki na huyu tu.

Mume wangu ameshauliza tunamchinja lini. Nimemkatia Pendo majani, nikaingia ndani.

Nyie mngefanyaje?