Nilimfunika Mtoto Uso, Nikaacha Kovu Wazi

Kosa ni langu. Nasema mapema kabla hujaanza kunitafutia kisingizio, maana wapo walionitafutia na haikusaidia kitu. Ati nia yangu ilikuwa njema. Nia njema gani, jamani! Nilitaka sifa, nikazitafuta kwa mkono wa mtoto wa mtu.

Mimi ni mama wa makamo, nina kibanda cha mitumba hapa Matisi, Kitale. Kwa miaka mingi nimekuwa mjitoleaji wa watoto. Sisi ndio tunaopigiwa simu jirani akisikia mtoto analia kupita kiasi. Tunamfikisha kwa afisa wa watoto, tunamsindikiza hospitali, tunafuatilia kama amerudi shule. Hatulipwi. Labda ndiyo sababu wengine wetu hujilipa kwa kusifiwa.

Kuna mtoto nitamwita Nanjala, ingawa si jina lake. Mama yake alimtoa Kanduyi, kule Bungoma, kwa siri, wakakimbilia huku Kitale, kwa sababu baba alikuwa amemchoma mkono kwa pasi. Kosa la mtoto? Alimwaga uji! Kovu lilibaki chini ya kiwiko, lina ncha kabisa kama ya pasi yenyewe.

Mimi ndiye niliyewapokea. Niliwatafutia chumba, nikamwombea mtoto nafasi shuleni. Mama yake hakuniomba chakula wala nguo. Aliniambia, "Dada, huyo mwanaume asijue tuko wapi. Ukitaka kunisaidia, nisaidie hapo tu."

Nikamshika mkono, nikamwapia.

Baadaye tukaitwa semina Bungoma. Wajitoleaji huitwa mara kwa mara, ati tunolewe. Mimi niliona nimenolewa mpaka naisha! Siku hiyo mkufunzi alikuwa msichana mdogo, wa umri wa kifungua mimba wangu, na somo lilikuwa simu na picha za watoto. Akaanza kwa kusema tusionyeshe uso wa mtoto hata siku moja. Nikamgeukia mwenzangu nikamnong'oneza, "Si hiyo tunajua kitambo? Twende tukapate chai, bana."

Tukatoka. Tukakaa nyuma ya jiko na akina mama wa Kamukuywa, tukipiga domo, tunachovya mandazi. Yule msichana akaja mpaka mlangoni, akasema kwa adabu, "Akina mama, bado sijamaliza. Naomba mrudi."

"Endelea tu, mwanangu," nikamjibu. "Sisi tulisomeshwa haya wewe ukivalishwa nepi."

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikajiona vile nilivyo hodari wa maneno. Jioni nikapokea cheti sawa na waliokaa ndani mpaka mwisho.

Basi siku moja nikampata Nanjala nje ya geti la shule. Alikuwa amevaa sweta mpya ya shule niliyomnunulia, mashavu yamejaa, anacheka. Roho yangu ikasema, hii kazi yako lazima watu waione! Nikatoa simu, nikamwambia akunje mkono wa sweta ili kovu lionekane.

"Auntie, sitaki," akasema.

"Kunja kidogo tu, mamaa. Si watu watakuombea?"

Akakunja. Mtoto aliyepigwa sana hutii upesi, na mimi na vyeti vyangu vyote sikuliona hilo.

Uso niliufunika. Nilichagua lile ua la njano la kwenye simu, nikalipanua mpaka likameza masikio. Nikajiona mtaalamu! Nikaweka kwa status: "Huyu alitoka Bungoma na majeraha, leo anasoma. Mungu ni mwema." Sifa zikamiminika. Mama wa wote! Ubarikiwe sana! Nilizisoma zote, kisha nikazisoma tena.

Kumbe mama mmoja wa Kanduyi, mteja wangu wa nguo, aliichukua ile picha akaipeleka kwa kundi lao la maombi. Ikapita simu hadi simu, mpaka ikamfikia baba mwenyewe. Uso aliuhitaji wa nini? Kovu alilijua, ndiye aliyelitia. Nembo ya sweta ikamwonyesha shule.

Alimvizia Nanjala asubuhi kabla hajafika getini, akaondoka naye.

Mama yake alinipigia simu akihema. Alikuwa ameshapokea simu ya yule mwanaume: "Rudi nyumbani, ama umsahau huyu mtoto." Alilia mpaka nikashindwa kusikia maneno.

Hapa ndipo penye aibu yangu yenyewe, na sijawahi kumwambia mtu. Nilipokata ile simu sikupigia polisi. Sikupigia afisa wa watoto. Nilifuta picha! Nilifuta kwanza, ndipo nikaenda kumshika yule mama bega nikimwambia awe na imani.

Afisa wa watoto alipoitwa na kufika, aliuliza, "Lakini amejuaje mko hapa?" Nikatazama viatu vyangu. Tukazunguka Matisi kutwa nzima tukihoji watu ni nani aliyetoboa siri. Mwenye nyumba, mzee wa watu, akashukiwa bure mbele ya wapangaji wake. Nikamtazama akijitetea, nikanyamaza. Usiku ukapita, mtoto yuko mikononi mwa yule mtu, na mimi nimenyamaza.

Kesho yake nilishindwa kunywa hata chai. Nikamwita afisa kando nikakiri habari ya picha. Hakunikemea. Aliuliza tu nani aliyeisambaza. Tukampigia yule mteja wangu wa Kanduyi, maana ndiye mtu wa huko niliyejua ameiona, akasema bila kusita, "Aah, huyo baba namjua. Dada yake anakaa Kamukuywa, nyuma ya soko." Rahisi hivyo! Ningesema ukweli jana yake, tungempata mtoto kabla giza halijaingia.

Tulimpata huko na polisi. Alikuwa amenyolewa nywele, vidole vimevimba kwa fimbo. Fimbo za ule usiku. Zile nilizompa mimi kwa kunyamaza.

Nikamkaribia nikitaka kumkumbatia. Akajificha nyuma ya afisa, mtu aliyekuwa hajamwona maishani mwake! Hakulia. Alisema, "Nilikuambia sitaki."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi janga nililichuma, nikamwachia mtoto wa mwenzangu alile peke yake.

Yule baba kesi yake iko kortini. Mimi hakuna anayenishtaki, na ndiyo maana naandika. Jina langu liliondolewa kwenye orodha ya wajitoleaji, nikaona ni haki. Lakini hilo si kitu. Kilichonivunja ni mama Nanjala. Nilimfuata kuomba msamaha akiwa anafunga vitu vyake kwenye magunia, akaniambia bila kuinua sauti, "Yeye nilimkimbia. Wewe nilikukimbilia."

 

Baadaye nilimuuliza mwenzetu aliyebaki darasani siku ile ya semina, yule msichana alisema nini tulipotoka. Aliona aibu kunijibu. Alisema walifundishwa kwamba kufunika uso hakutoshi. Kovu humtaja mtoto, sweta humtaja, geti humtaja, na usimpige picha mtoto unayemficha, basi. Pia walifundishwa kwamba ukikosea, useme papo hapo, kabla hujajificha. Jamani, hilo nalo lilifundishwa! Mimi niko nyuma ya jiko na mandazi mkononi.

Wewe unayefanya kazi hii, Kitale, Bungoma, popote ulipo, nakuomba. Ukiitwa semina, nenda. Kaa mpaka mwisho, hata kama anayefundisha ungeweza kumzaa, hata kama umesikia somo hilo mara ngapi. Nusu unayoijua ndiyo itakayokudanganya kwamba unajua yote. Mtoto akisema hataki, basi hataki. Na siku ukikosea, usifute kitu. Sema! Kila saa unayojilinda wewe, kuna mtoto anailipia.

Nanjala na mama yake walihama, hawakumwambia jirani hata mmoja. Sijui wako wapi. Na wewe unayesoma hapa, kama unawajua, nakusihi kwa Mungu, usiniambie.