Bei ya Gari la Macho ya Chura

Nzi aliwahi kutua kwenye mlango wa gari uliopigwa msasa na Kiganja, akateleza, akaanguka chali, na tangu siku ile nzi wa mtaa mzima wakiona gari linatoka kwenye uwanja wake wanapita mbali. Anayebisha akawaulize nzi.

Fundi mwenyewe alikuwa mfupi, mkimya, macho mekundu kwa vumbi la puti ya kuzibia mabonde ya bodi, na jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Kiganja ndilo jina alilochuma kwa kazi. Gari lililobonyea likishanyooshwa, mafundi wengine huchuchumaa na kulitazama. Yeye alifumba macho, akapitisha kiganja taratibu kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma, kama anabembeleza ng'ombe mkali, na pale mkono ulipokwama, hata kama ni kwa unene wa unywele, kazi ilirudi kwenye msasa.

"Jicho langu linadanganyika na rangi," alikuwa akisema. "Mkono wangu haudanganyiki."

Alikaa na mkewe katika chumba cha kupanga nyuma ya uwanja huohuo wa gereji, chumba ambacho harufu ya tina ya kuzimulia rangi ililala kitandani kabla yao. Mkewe alifuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya mkono. Mtaani walimwita Mama Bati, kwa sababu kila kitu duniani alikipima kwa bati. Walikuwa na kiwanja chao nje ya mji, kuta za nyumba zimesimama, kichwa cha bati hakuna. Majani yalikuwa yameota sebuleni na mjusi alishahamia chumba cha wageni. Basi ukimwambia fulani kanunua simu, anauliza, "Hiyo ni bati ngapi?" Harusi ya mdogo wake aliiita bati arobaini zilizotafunwa kwa mchana mmoja.

Gari lile lilikuja kwa bahati. Mjane mmoja, mteja wa siku nyingi, alimwita Kiganja akalione bandani kwake. Lilikuwa gari la Kijapani la mbio, la zamani, milango miwili, pua ndefu, makalio mafupi, limekaa chini kiasi kwamba kuku aliyekuwa akitagia ndani alishuka bila kuruka. Taa zake zilijificha ndani ya boneti. Ukibonyeza swichi zilifumbuka, moja ikitangulia, ya pili ikifuata kwa uvivu, kama chura anayeamshwa.

"Lichukue, fundi, na karatasi zake nakuandikia," alisema mjane. "Marehemu alilipenda kuliko alivyonipenda mimi. Lina viti viwili, mimi nina watoto watano. Nimchukue nani, nimwache nani?"

Wakalikokota mpaka uwanjani. Mtaa ulicheka. Kinyozi wa jirani alitoka na mkasi mkononi akauliza kama ni gari au ni sahani iliyoliwa na kutu.

Haukupita muda mrefu akatokea bwana mmoja mpole, amevaa viatu vyeupe pee, viatu ambavyo gereji haijawahi kuviona. Hata hakusalimia vizuri. Alilizunguka gari lile, akapiga magoti kwenye oili na suruali yake safi, akachungulia chini. Akafungua boneti, akatoa leso, akafuta ukuta wa bati ulio nyuma ya injini, akainama hapo kama anasoma, kisha akatabasamu peke yake.

"Fundi, nani ameligusa hili?"

"Kuku tu."

"Vizuri sana. Basi nisikilize. Magari haya yamekuwa haba, na wanaoyatafuta ni wengi. Likiwa hivi lilivyo, na kutu yake, na vitu vyote lilivyotoka navyo kiwandani, nitakupa bei ya nyumba. Nyumba ya vyumba vitatu, na paa lake."

Mama Bati alikuwa anaanika sweta. Sweta lilianguka mavumbini.

"Nina safari ndefu," aliendelea Viatu Vyeupe. "Nikirudi nakuja na fedha yote. Sharti langu ni moja. Usiliguse. Hata kwa sabuni usiliguse."

Alipoondoka, mke alimshika mume mkono wa kulia, akaukunja kidole kimoja kimoja kama anafunga mkoba.

"Umesikia, baba? Usiliguse."

"Nimesikia."

Alisikia, lakini mkono haukusikia. Kumwambia fundi bodi asiguse gari bovu lililo mlangoni pake ni kumwambia ulimi usiguse jino lililotoboka. Kila alipolipita mkono uliwasha. Alianza kujikuna. Akaanza kuzungumza na mkewe kwa mzunguko.

"Mama, hebu fikiri. Mtu anatoa nyumba kwa kutu. Kwa kutu! Sasa akilikuta linang'aa, atatoa nini?"

"Atatoa alichosema."

"Atatoa ghorofa."

"Mimi sitaki ghorofa. Miguu inaniuma. Nataka bati."

"Bati ndogo hizo! Gari hili ndilo paa lako, nakuapia. Niachie tu nilifanye liwe gari."

Mama Bati alikuwa ameweka akiba ya masweta, ya kutosha kuezeka vyumba viwili. Alimpa. Hapo ndipo alipokosea, na alikuja kulijua hilo kwa gharama kamili. Lakini alikuwa amemwona mumewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akilala anatabasamu, na mwanamke aliyekaa na mtu mkimya hununua tabasamu kwa bei yoyote.

Kiganja akaingia kazini. Viti vilikuwa vimechanika, akavitoa, akampa kinyozi. Akaweka vipya vya ngozi ya kung'aa, vya kuteleza, ukifunga breki unajikuta chini ya usukani. Rimu za zamani zilikuwa na makovu, akampa muuza maji, naye akazifunga kwenye mkokoteni wake. Ukawa mkokoteni wa mbio, ukienda mteremkoni maji yanafika kabla ya mwenyewe. Injini ilikuwa inakohoa. Akaing'oa, akaweka ya pikapu, injini mpya ambayo kila fundi anaijua, na ile ya zamani akampa mwenye mashine ya kusaga. Ile injini haikujua kwamba imestaafu. Ilisaga kwa hasira mpaka unga ulitoka wa moto, na wanawake waliokaa karibu walirudi nyumbani na nywele zimelala nyuma. Usukani ulikuwa umepasuka ngozi; alitaka kuutupa, Mama Bati akauokota, akautundika kwenye msumari ukutani, akawa anazungushia nyuzi za masweta. Ulizunguka vizuri.

Kisha bodi. Alikata kutu, akachomelea, akagonga, akapaka puti, akapiga msasa wa maji. Rangi ya awali ilikuwa ya kijivu kilichokufa; akapiga nyekundu, nyekundu ya pilipili, mpaka jogoo wa jirani akajiona mlangoni akajipiga mwenyewe.

Mwisho alifumba macho, akapitisha kiganja. Nje, safi. Milangoni, safi. Akafungua boneti, kwa sababu fundi wa kweli hafanyi kazi ya kuonwa tu. Akapapasa ukuta wa bati nyuma ya injini. Mkono ukakwama. Palikuwa na mistari, vijishimo na vijivimbe, vimejipanga kama upele. Hakufumbua hata macho. Alichukua grenda, akasawazisha, akaweka puti, akapaka rangi. Akarudisha mkono. Ukapita kama unapita kwenye maji.

Akamwita mkewe. "Hebu pitisha mkono."

Mama Bati akapitisha. "Ni laini," alisema. "Nyumba yangu ni laini kabisa."

Wakacheka wote wawili. Ndicho kicheko cha mwisho kusikika kwenye chumba kile.

Wakati huo mwenye uwanja alikuwa ameuza uwanja. Waliambiwa wahame kabla ya mvua. Kiganja hakushtuka. Aliwaambia majirani kwamba hata hivyo alikuwa anaelekea kwake, na kila alivyosimulia ndivyo nyumba ilivyoota chumba. Mpaka wiki ya mwisho ilikuwa imefika madirisha kumi na moja na tangi la maji juu.

Viatu Vyeupe akarudi. Safari hii alikuja na lori la kubebea. Aliposhuka aliliona gari, akasimama. Mtaa mzima ulikuwa umejipanga kuona ghorofa ikilipwa. Yule bwana alivua kofia kama mtu aliyefika msibani akiwa amechelewa.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "umefanya nini?"

"Nimelifufua, mkuu! Pitisha mkono. Fumba macho, pitisha mkono."

Hakupitisha. Alitazama viti. Alitazama magurudumu. Akafungua boneti, akaiona injini ya pikapu, akafumba macho kweli, lakini si kwa sababu aliyoitaka Kiganja. Akatoa leso yake, akafuta ukuta wa bati. Akafuta tena.

"Hapa palikuwa na namba."

"Namba gani? Palikuwa na mikwaruzo. Nimeinyoosha."

"Ile ndiyo namba ya chesi, fundi. Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha gari. Imegongwa kwenye bati kiwandani, imeandikwa kwenye karatasi zake. Bila namba ile hili halina tofauti na gari la wizi. Siwezi kulisajili, siwezi kulivusha popote. Watu wanaotafuta haya hawanunui mng'ao. Wananunua kilichobaki. Ungeliacha na kutu na kuku wake, ningekulipa leo hii."

Kiganja aliutazama mkono wake wa kulia. "Nilifumba macho," alisema.

"Sasa hili lina thamani gani?" aliuliza Mama Bati.

"Kwangu? Kioo cha mbele na zile taa mbili. Ninalo jingine nyumbani lenye namba nzima, lakini lilivuliwa nguo. Linahitaji kila kitu." Akageuka. "Vile viti vya zamani viko wapi?"

Kinyozi alikuwa amesimama pale pale. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

Basi mtaa ule uliona kitu. Viatu Vyeupe alizunguka mlango hadi mlango. Kinyozi alilipwa fedha ya bati za kuezeka banda lake lote, na mteja mwenye nusu kichwa kilichonyolewa aliambiwa ainuke kwenye kiti hicho sasa hivi. Muuza maji alivua rimu zake mkokoteni ukiwa umejaa ndoo. Mwenye mashine ya kusaga, huyo alipanda bei mara mbili kabla hajaulizwa, akalipwa, akaketi chini kuzihesabu fedha. Kila mmoja alipita mbele ya Kiganja akiwa na tabasamu analojaribu kulimeza.

"Asante sana, fundi," kinyozi alimwambia. "Mungu akupe mkono huohuo."

"Mmegawana nyumba yangu," alisema Kiganja.

"Ulitupa mwenyewe, ndugu yangu. Sisi tuliokota."

Viatu Vyeupe akarudi kwa ajili ya taa na kioo. Hapo Kiganja, ambaye hakuwahi kupaza sauti, alipaza. Alisimama mbele ya gari na spana mkononi. "Macho yake siuzi! Ondoka!" Yule bwana aliinua mabega. Alikuwa anapanda lori aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Na huu?"

Mama Bati alikuwa ameshika usukani, nyuzi za bluu bado zimeuzunguka. Alikuwa ameisikia bei ya kila kitu kwa masikio yake, na hakukubali chini ya hapo. Alizikata nyuzi kwa meno, akahesabu fedha mara mbili, akaingia ndani bila kumtazama mumewe.

Bati alizopata zilitosha chumba kimoja. Alimtafuta fundi wa paa mwenyewe.

Siku ya kuhama Kiganja aliomba gari liende kiwanjani, likae pembeni tu, chini ya turubai.

"Hilo halikanyagi kwangu," alisema mkewe. Alisema kwangu. Zamani alikuwa anasema kwetu.

Kiganja akalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, likapimwa kwa kilo kama mzigo wa misumari. Akawaomba basi watoe bei ya zile taa mbili peke yake. Wakamwambia kilo ni kilo. Yule wa mizani, kabla ya kushika nyundo, alipitisha mkono juu ya boneti nyekundu.

"Dah! Imenyooka hii. Nani kaipiga?"

"Sijui," alijibu Kiganja.

Mvua zikaja zikamkuta ndani. Chumba kile kimoja cha kiwanjani kina paa; vingine vimebaki na mjusi wake. Kuta hazijapigwa plasta, matofali yana mabonde na milima, saruji imetokeza kwenye viungo kama ulimi. Kiganja hulala upande wa ukutani. Mvua ikipiga bati hawezi kusikia kama mkewe amelala au yuko macho, na siku moja, bila kujua, mkono wake wa kulia ulianza kutembea ukutani, taratibu, ukitafuta mahali pa kuanzia.

"Usiguse," alisema mkewe gizani.

Akauondoa. Akauweka chini ya paja lake, akaulalia mpaka ukafa ganzi.